Anayekufungulia Mlango na Anayekusahihisha

(Mhadhara kwa wahitimu na mafundi vijana, Kigoma mjini)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nawashukuru nyote, hasa mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii mkaja kusikiliza, maana najua Jumamosi ni siku ya mauzo.

Nimeombwa nizungumzie walezi wa kazi na makocha, watu wanaomshika kijana mkono mpaka naye asimame. Nilikubali haraka kwa sababu jambo hili linaniuma. Kila mwaka nawaona vijana wenye akili na bidii wakizunguka na vyeti kwenye bahasha ya kaki, na hakuna hata mtu mzima mmoja anayejua wanaweza kufanya nini. Akili wanayo. Wamekosa mtu.

Mfano wa kutufaa uko jirani. Ukipanda boti pale Kibirizi ukaelekea kaskazini, unafika Gombe. Julai 1960 alishuka huko binti wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, Jane Goodall, kuja kuwachunguza sokwe. Shahada ya chuo kikuu hakuwa nayo. Alikuwa amesomea ukatibu, na nauli ya meli ya kuja Afrika aliipata kwa kuhudumia wateja mezani. Wengi wetu tunaijua habari yake kuanzia Gombe. Mimi nataka tuianzie Nairobi, mwaka 1957.

Huko alisikia habari za Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale aliyekuwa akiongoza jumba la makumbusho. Akampigia simu kuomba kuonana naye. Alipofika, Leakey alimtembeza ndani ya makumbusho huku akimuuliza maswali juu ya wanyama, na binti akajibu vizuri, maana vitabu vya wanyama alikuwa akivisoma tangu utotoni. Akapewa kazi ya ukatibu. Mwaka huohuo akachukuliwa kwenda Olduvai, bonde la kaskazini mwa nchi yetu lenye mabaki ya kale, akachimba juani pamoja na familia ya Leakey. Mzee akapata nafasi ya kumtazama akiwa kazini: ana subira, pori halimtishi. Safari ya Gombe ilikuja miaka mitatu baadaye, baada ya Leakey kuhangaika kutafuta fedha za kumtuma.

Naomba muutazame mpangilio huo. Binti hakuingia ofisini kwa mkubwa na kusema, "Naomba unisaidie maishani." Aliingia na jambo analolijua na kulipenda, akapokea kazi iliyokuwepo, akaonekana akiifanya. Wengi wenu mnatafuta mkubwa wa kuwainua kabla hamjampa huyo mkubwa kitu cha kuona. Ukienda kwa fundi cherehani, nenda na shati uliloshona, hata kama kola imepinda. Ukienda kwa mwalimu, nenda na hesabu iliyokushinda, na karatasi inayoonyesha ulipokwama.

Sasa, Leakey alifungua mlango, lakini kuna kazi ambayo hakuifanya yeye, na hapo ndipo nataka tukae kidogo. Mwaka 1962 alimfanyia mpango akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea uzamivu bila shahada ya kwanza, jambo la nadra sana. Kufika huko, wasomi wakamwambia amekosea. Sokwe hupewi ruhusa ya kuwaita kwa majina, unawapa namba. Na usiseme mnyama ana hisia. Msimamizi wake, Robert Hinde, alikuwa mkali kuliko wote. Siku moja Jane aliandika kwamba Fifi, sokwe mdogo aliyekuwa akimlinda mdogo wake mchanga, alikuwa na wivu. Hinde akamwambia huwezi kuandika hivyo, utathibitishaje? Jane akashikilia kwamba wivu alikuwa nao. Basi Hinde akamwonyesha njia: andika kwamba Fifi alitenda kwa namna ambayo, angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu.

Isikilizeni tena sentensi hiyo. Alichokiona Jane kimebaki chote, wala hakuna kilichopunguzwa. Ila sasa hakuna profesa anayeweza kuivunja. Miaka mingi baadaye Jane bado alimsimulia Hinde kwa shukrani, na mimi naelewa kwa nini. Kocha wa kweli anakuacha na imani yako, halafu anakufundisha kuisimamisha mbele ya watu wasiokupenda.

Juzi nilisimama Kibirizi nikimtazama fundi wa boti na kijana wake. Kijana alikuwa anakalafati, anashindilia pamba kwenye mwanya kati ya ubao na ubao. Alipomaliza, fundi alipitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, kuanzia nyuma. Mahali fulani kidole kikasimama. Akachomoa pamba, kipande cha kama shubiri, akakiweka mkononi mwa kijana. "Hapa umeipiga juu juu. Wimbi la kwanza litaitoa." Basi. Hakumtukana wala hakumsifu. Kijana akainama akaanza upya, na safari hii fundi alichuchumaa pembeni akiangalia nyundo inavyotua.

Nani anapitisha kidole juu ya kazi yako? Marafiki watakuambia uko vizuri, mama atakuombea, na vyote hivyo ni vya thamani. Lakini boti ikiingiza maji katikati ya ziwa, sifa hazitayachota.

Upande wa pili wa jambo hili ni wewe unayefundishwa, na hapa sokwe wa Gombe wenyewe wana la kutuambia. Sokwe huvua mchwa kwa kijiti: anakichomeka kwenye kichuguu, mchwa wanaking'ata, anakitoa na kula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wa kike huijua kazi hiyo wakiwa na miaka miwili na nusu hivi, na wa kiume huchelewa kwa zaidi ya miaka miwili. Mama ni yuleyule na kichuguu ni kilekile. Wa kike walikaa wakimtazama mama; wa kiume walikuwa wanacheza. Watoto wa kike hata mtindo wao wa kuchomeka kijiti ulifanana na wa mama. Na mama hakutoa mhadhara kama huu wangu.

Kwa hiyo kaa karibu na kazi. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wasipotoka na taa, huwa wanashona nyavu ufukweni. Kijana anayetaka kuijua kazi ya ziwa aende siku hizo, akae, ashike uzi.

Sitarefusha juu ya Mwalimu Nyerere, ila mkumbuke kwamba alipokuwa akifundisha St. Mary's kwa jirani zetu wa Tabora, mkuu wa shule, Padri Richard Walsh, alimhimiza na kumsaidia kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Hata yeye alikuwa na mtu.

Niseme na la kuogofya. Siku hizi simu zimejaa watu wanaouza ulezi: lipa kwanza, uingizwe kwenye kundi, utumiwe maneno ya kutia moyo kila alfajiri. Muulize amefundisha nani, na huyo aliyefundishwa anafanya kazi wapi tukamwone. Na mabinti zangu, sikilizeni vizuri. Mwenye cheo anayekuahidi nafasi kisha akataka mwili wako hakulei. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na ofisi ya TAKUKURU ipo. Wazazi mliopo hapa, binti akija kuwaambia, msianze kwa kumuuliza alivaa nini.

Nirudi Gombe kwa mara ya mwisho, kwa jambo ambalo sisi wa Kigoma hatulisemi vya kutosha. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, yaani Kongo ya leo, wakawateka vijana wanne waliokuwa kwenye utafiti. Baadaye waliachiwa, lakini wanafunzi wa kigeni waliondoka. Kazi ingeweza kufa wakati ule. Haikufa, kwa sababu palikuwa na Watanzania, watu wa mwambao huu, waliokuwa wamefundishwa porini bega kwa bega na watafiti: kumfuata sokwe tangu anapotoka kwenye kiota, kuandika anakula nini, yuko na nani, amelala wapi. Waliendelea kuandika. Na waliokuja nyuma yao walifundishwa na wao.

Pale karibu na mlango wamekaa watu watano: fundi boti, muuguzi, mama anayekamua mawese, fundi umeme na mwalimu wa hesabu. Wamekubali kila mmoja kupokea vijana wawili, bila malipo, kuanzia Jumatatu. Kabla hujaandika jina, mwonyeshe kitu ulichokifanya kwa mikono yako au daftari lako. Kama leo umekuja mikono mitupu, watakuwepo hapa tena Jumamosi ijayo saa tatu.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na yule dada wa nyuma.