"Una mtu gani huko Uingereza?" Haya leo nawajibu

Haya jamani karibuni. Swali ni lile lile kila nikiweka video, "We dada sema ukweli, ni nani alokushika mkono ukapata uraia wa Uingereza?" Leo nalijibu, na najua kuna watakaosema naringa na kuna watakaosema nalialia, semeni tu.

Waingereza wana msemo wao, mtu mambo yakimnyookea wasema ana marafiki walio juu. Na wapo kweli, shule moja tu ya watoto wa matajiri, Eton, imetoa mawaziri wakuu 20, Boris Johnson akiwa mmoja wao, kwa hiyo musiniambie kujuana ni ugonjwa wa Kenya peke yake. Lakini mimi wa Likoni, nahudumia wazee zamu ya usiku hapa Leeds, huyo rafiki wa juu ningekutana naye wapi?

Sikizeni sasa. Nilipoomba uraia nilitakiwa niwe na wadhamini wawili, wakujue miaka 3 au zaidi, wasiwe ndugu zako, mmoja awe mtu wa taaluma, mwalimu, mhasibu, kiongozi wa dini, na mwengine awe na paspoti ya Uingereza. Nyumbani barua ya chifu utazungushwa lakini ofisi yake waijua. Huku watoka kazini asubuhi walala, waamka warudi kazini, hao watu utajuana nao saa ngapi? Pesa nilikuwa nayo, nimejinyima miaka, mtihani wa uraia nishapita, fomu imekwama kwa sahihi.

Nikamwendea Mkenya mwenzetu, mhasibu, Idi ngapi tumekula kwake. Miezi miwili anizungusha, mara nitakupigia, mara niko safarini, mwisho aniambia haweki jina lake kwa makaratasi ya watu. Iliniuma na bado yaniuma, kwa sababu sikumuomba hata shilingi.

Aliyenisainia ni mwalimu wa mwanangu, mama wa kizungu tuliyekuwa tukisalimiana tu getini tangu mtoto yuko chekechea. Wa pili ni mwenzangu wa zamu. Hao ndio watu wangu, hakuna mwengine.

Hayo ni yangu mimi, yako yaweza kuwa tofauti, na masharti hubadilika, soma mwenyewe tovuti ya serikali. Ila anayekwambia umlipe kwa sababu ana mtu ndani, usimpe.

Na binamu yangu unayeandika kwa grupu ya familia ati nimekataa kukuvuta, nakuja Disemba, tutaongea mbele ya mama.