Mkate wa nyama bila gluteni, na jibu la wanaouliza kwa nini nyumba nzima tule chakula cha mtoto mmoja

Jamani habari zenu, karibuni tena. Leo sirefushi utangulizi maana swali ni lile lile, nikiweka video ya chakula chochote lazima mtu aandike: mama, si mtoto mmoja tu ndo ana shida ya gluteni (ile protini iliyomo kwenye nafaka za ngano, shayiri na rai), kwa nini nyumba nzima ile chakula chake, si umpikie chake pembeni wengine mle kawaida? Wengine mnauliza kwa nia nzuri kabisa. Wengine mnanichoma, eti nimefika ughaibuni nimejifunza magonjwa ya wazungu. Nikisema vitu huku ni ghali nalalamika, nikionyesha nyama kilo nzima naringa, sasa mnataka niongeeje? Leo napika chakula cha jioni cha familia, mkate wa nyama, yaani nyama ya kusaga inayoumbwa kama mkate na kuokwa, na nawajibu huku huku jikoni.

Nianze na hilo la wazungu maana linaniudhi. Huu ugonjwa unaitwa seliaki, kinga ya mwili inashambulia utumbo mdogo kila gluteni ikiingia, na ni karibu mtu 1 kati ya 100 duniani. Halafu jamii ambayo iliwahi kupimwa ikaonekana na kiwango kikubwa sana ni Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, utafiti ulichapishwa mwaka 1999 na kwa watoto wao ilikuwa zaidi ya 5 kati ya kila 100. Hao ni Waafrika wenzetu. Kwa hiyo tafadhali, mkiona mtoto anaharisha haishi, tumbo limevimba, hakui, damu imepungua, msiseme tu amelogwa au anadeka.

Kwa nini sipiki vyungu viwili. Ya kwanza ni usalama, chembe ya mkate wa ngano ikidondokea kwenye sahani yake inatosha kumrudisha nyuma, na msinidanganye kwamba moto unaua, gluteni sio mdudu, ni protini, unaoka unachemsha bado ipo pale pale. Kijiko kile kile cha mbao, ubao ule ule wa kukatia, chujio lile lile la tambi, ndo mtoto anaumwa na hamjui kimetoka wapi. Ya pili ndo inayoniuma. Tulialikwa kwa ndugu, siwataji, chakula kimejaa mezani, binti yangu akakalishwa pembeni na kibakuli chake, watu wakipita wanamuuliza wewe mbona huli na wenzako, una nini? Alirudi nyumbani hataki hata kuongea. Toka siku hiyo nikasema kwangu mimi hakuna chakula cha pembeni, sote chungu kimoja. Sasa hapo kila mtu na nyumba yake, wewe una watoto wanne na kipato kingine utapanga unavyoweza, sikwambii ufanye kama mimi.

Na nimechagua mkate wa nyama kwa sababu. Kwenye mkate wa kawaida gluteni ndo inashika unga na kuufanya uumuke, ukiitoa lazima uhangaike. Kwenye mkate wa nyama haina kazi hiyo kabisa! Zile chembe za mkate watu wanazoweka kazi yake ni kushika maji, zinyonye maziwa na mchuzi wa nyama, na zikae katikati ya nyama isijibane ikawa ngumu. Wanga wowote uliolowa unafanya hiyo kazi. Kwa hiyo hakuna anayepunjwa hapa mezani, hawali chakula cha mgonjwa.

Ndo maana sinunui zile chembe za mkate zilizoandikwa hazina gluteni. Bei yake mara kadhaa ya zile za kawaida, pakiti ndogo, na ukitazama ndani ni unga wa mchele na wanga wa viazi. Mimi natumia wali uliolala. Kikombe kimoja cha wali, nusu kikombe cha maziwa, naponda kwa uma mpaka unakuwa mzito kama uji, naacha dakika kumi hivi. Oti nayo inafaa ila iwe ile iliyothibitishwa haina gluteni, maana ya kawaida inachanganyikana na ngano shambani na kiwandani, na wapo wenye seliaki ambao hata oti safi inawasumbua, kwa hiyo kwangu siweki.

Nyama ni kilo moja, ya ng'ombe, ya kusaga, isiwe kavu sana, mafuta asilimia 15 mpaka 20 ndo inatoka laini. Hapa sikilizeni vizuri. Muulize muuza nyama ile mashine anasagia nini kingine, maana soseji na nyama za baga nyingi zinachanganywa na unga au mkate mkavu halafu zinapita mashine hiyo hiyo. Akikujibu kwa kusitasita nunua nyama ya kipande ukasage nyumbani. Kitunguu maji kimoja kikubwa nakikaanga kilainike na nakiacha kipoe kwanza, kitunguu saumu, karoti moja iliyokwaruzwa, mayai mawili, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, pilipili manga. Basi.

Vitu vya chupa ndo hatari, jamani someni lebo. Soya sosi ya kawaida ina ngano. Vidonge vya supu vingi vina ngano. Siki ya kimea inatoka kwenye shayiri. Na lebo zenyewe hazifanani nchi na nchi, Ulaya wanalazimishwa kutaja nafaka zote zenye gluteni kwenye orodha ya viungo na zikolezwe zionekane, Marekani sheria ya mzio inalazimisha kutaja ngano lakini shayiri na rai hazimo, kwa hiyo kitu kinaweza kuandikwa hakina ngano na bado kina kimea cha shayiri. Tafuta yale maneno yenyewe kwamba hakina gluteni, hapo kipimo ni isizidi miligramu 20 kwa kilo, Marekani na Ulaya wote wanatumia hicho.

Nachanganya kwa vidole, sikandi. Naweka wali ule, mayai, viungo, navichanganya taratibu vikishashikana tu naacha. Ukikanda sana na chumvi imo nyama inashikana mno, inatoka ngumu inarukaruka kwenye meno. Naiumba kwa mkono juu ya trei yenye karatasi ya kuokea badala ya kuijaza kwenye chombo cha mkate, mafuta yanatiririka pembeni na sosi inashika pande zote. Oveni nyuzi 180, saa moja hivi.

Sasa ikiwa inaiva niwaambie kuhusu makaratasi, maana mnadhani huku kila kitu ni laini. Tulipoanza kuhisi, aliyetuhudumia mara ya kwanza akasema mwachishe ngano kwanza tuone. Tukamwachisha. Mtoto akapata nafuu, akaanza kunenepa. Siku ya kipimo tunaambiwa na mwingine kwamba kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, na hizo zinashuka mtu akiacha gluteni, kwa hiyo arudi kula ngano wiki kadhaa ndo apimwe. Yaani nimrudishie mwanangu kitu kinachomuumiza ili karatasi isome vizuri. Nililia. Kwa hiyo kama unahisi mwanao anayo, usimwachishe kabla hajapimwa, nenda kwa daktari uulize hilo swali kwanza, mimi sio daktari nasema kilichotupata.

Halafu barua. Seliaki haina dawa ya kuiponya, ni ya maisha, dawa yake ni kutokula gluteni mpaka mwisho. Lakini shule kila mwaka wanataka barua mpya ya daktari eti ya zamani imepitwa na wakati! Kupata barua lazima miadi, miadi lazima uombe ruhusa kazini, ukiomba ruhusa mshahara unakatwa, bima nao wanasema barua haiwahusu. Ugonjwa haujaisha muda, karatasi ndo inaisha muda. Hilo nalisema kwa uchungu na sioni aibu, na wala simaanishi huku kubaya. Wapo walio na unafuu kidogo, Kanada kwa mfano mwenye seliaki anaweza kudai kwenye kodi ile tofauti ya bei kati ya chakula chake na cha kawaida kama gharama ya matibabu, ila uwe na barua ya daktari na risiti zote, kwa hiyo mlio huko msitupe risiti.

Turudi kwenye oveni. Ikifika dakika 40 napaka sosi ya juu, nyanya ya kopo nzito, sukari kidogo, siki ya tufaha, haradali ambayo nimesoma lebo yake, naurudisha ndani. Kuiva usiangalie rangi, chomeka kipimajoto katikati, nyama ya ng'ombe ya kusaga inatakiwa ifike nyuzi 71. Ikifika toa, uache dakika 10 mpaka 15 kabla ya kukata. Najua watoto wanalia njaa, lakini ukikata moto moto maji yote yanabaki kwenye trei na mkate unapasuka.

Huu hapa, naukata mbele yenu muone. Umeshikana, hauna ukavu, na baba yao ambaye ndo mgumu wa chakula amerudia. Binti anakata kipande chake mwenyewe kutoka sahani ile ile ya kaka zake, hakuna anayemuuliza kitu.

Unaobaki unakaa kwenye friji siku tatu nne, ukiwa baridi ndo unakatika vizuri zaidi, asubuhi kila mtoto anawekewa vipande vyake vya shule. Dada mmoja aliuliza kama inawezekana kwa nyama ya kuku. Inawezekana, ongeza mafuta kidogo maana ni kavu, na kuku lazima ifike nyuzi 74. Mwenye swali la mayai aandike hapo chini, maana najua wapo ambao watoto wao hawali mayai pia, hilo nitalijibu video ijayo nikishalijaribu vizuri.