Ramani ya Simu Bila Bando: Ipime Ukiwa Bado Mwanza

Karibuni watazamaji. Nimepaki Kigongo, upande wa Misungwi, na hapo mbele mnaliona Daraja la Magufuli linavyokata maji kuelekea Busisi. Nimekuja hapa makusudi, kwa sababu daraja hili ndilo mtihani tutakaotumia leo kupima programu za ramani kabla hujavuka mpaka na gari lako.

Kuna kitu wengi hawakijui: GPS haili bando. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti bure, popote ulipo. Kinachokula bando ni kuleta picha ya ramani na kupanga njia. Ramani ikishakaa ndani ya simu, hata laini ikipotea mshale wako unaendelea kutembea. Ila bila data, simu huchelewa kidogo kujua iko wapi mara ya kwanza. Simama mahali pa wazi uisubiri dakika chache, usikae chini ya paa la sheli.

Mara yangu ya kwanza kwenda Kigali nilikuwa na ramani ya Tanzania peke yake. Tulivuka mto Kagera pale Rusumo jua linazama, na ghafla kioo kikabaki na mstari mmoja wa barabara kuu na jina la Kigali, basi. Hakuna vijiji, hakuna sheli, hakuna pa kukata kona. Watoto wamelala nyuma, mimi nashuka kila kituo kuuliza njia. Sitaki yakukute.

Hatua ya kwanza, weka programu mbili. Mimi natumia Organic Maps na Google Maps. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, na ramani zake zinatoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao watu wa kawaida, hata wewe, wanachora barabara za kwao. Unapakua nchi au mkoa mzima kwa kubonyeza mara moja. Google Maps unachora mwenyewe mraba wa eneo unalotaka, halafu unapakua. Iko vizuri kwa majina ya hoteli na maduka, lakini bila mtandao haikuoneshi foleni wala njia mbadala, na ramani uliyopakua ina muda wake wa kuisha, kwa hiyo ifungue ukiwa na waifai siku chache kabla ya safari uisasishe. Ipo pia OsmAnd, yenye mambo mengi sana ndani, ila toleo la bure lina kikomo cha idadi ya ramani unazopakua. Kwa anayeanza, ningemwambia aanze na Organic Maps.

Hatua ya pili, pakua kila eneo utakalopita, siyo unakokwenda tu. Kwa Kigali unahitaji mikoa ya Tanzania kuanzia hapa Mwanza mpaka Rusumo, pamoja na Rwanda. Ukiruka kipande kimoja katikati, programu haitaweza kuunganisha njia. Tumia waifai, na angalia ukubwa ulioandikwa pembeni usije ukajaza simu.

Sasa mtihani wenyewe. Angalieni hapa kwenye kioo. Naweka simu kwenye hali ya ndegeni, yaani nakata mtandao wote. Nafungua ramani, naandika Sengerema, nachagua gari. Mnaona mstari? Unapita juu ya daraja moja kwa moja. Daraja hili limefunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi. Ramani iliyopakuliwa kabla ya hapo itakupeleka kwenye kivuko. Simu ya mdogo wangu hii hapa, ana programu hiyo hiyo, lakini hajaigusa muda mrefu: mstari wake umeshuka gatini na umekuwa wa nukta nukta majini. Ukiona hivyo, futa ramani hiyo upakue upya. Kama programu haijui daraja la nyumbani kwako, usiiamini kwenye barabara ya nchi ya watu. Kama hauko karibu na Kigongo, tafuta barabara yoyote mpya mtaani kwako uipime nayo.

Ukiwa hapo hapo, ingia kwenye machaguo ya njia. Organic Maps ina sehemu ya kuepuka barabara za vumbi. Msimu wa mvua iwashe, itakuokoa na matope.

Hatua inayofuata ni mahali unapofikia. Mwombe mwenyeji wako akutumie pini ya mahali alipo kwa WhatsApp ukiwa bado na mtandao, uifungue na kuihifadhi kwenye ramani. Akikutumia namba za mahali, yaani latitudo na longitudo, kuwa makini na alama ya kutoa. Kigali iko kwenye -1.95, 30.06. Ukisahau kile kimstari cha mwanzo, nukta inaruka ng'ambo ya ikweta na kutua Ituri, Kongo. Kisumu nayo ina kimstari, Kampala haina.

Sauti pia. Programu nyingi zinatumia sauti ya simu yenyewe, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya simu, pakua sauti ya lugha unayoitaka, uisikilize ukiwa hali ya ndegeni. Dereva hatakiwi kusoma kioo.

Na hili ramani haitakufanyia: Rwanda wanaendesha kulia. Sisi tunasema kipilefti, tunaingia kwa kushika kushoto. Pale unaingia kulia, na magari yanakujia kutoka kushoto kwako. Ukitoka Rusumo punguza mwendo kabisa mpaka macho yazoee. Saa nazo ziko nyuma kwa saa moja, na simu isiyo na mtandao inaweza isijibadilishe yenyewe.

Chaja ya gari na stendi ya simu, usiondoke bila hivyo. Stendi iweke mbali na jua la kioo cha mbele, simu ikichemka inajizima.

Haya, mdogo wangu ameshika usukani, mimi nashika kamera. Simu yangu iko kushoto, ya kwake kulia, zote hali ya ndegeni. Tunaingia darajani. Tazameni: mshale wangu uko barabarani, wa kwake unaelea katikati ya ziwa.