Kura ni ya Mtu, Siyo ya Ng'ombe

Ndugu zangu, habari za nyumbani? Wazazi, shikamooni. Leo nimekuja Hjedding, kijiji cha magharibi mwa Jutland, hapa Denmaki. Mnisamehe, upepo unavuma sana. Kajengo haka nyuma yangu ni makumbusho, lakini mwaka 1882 hapa ndipo wafugaji wa Denmaki walipofungua kiwanda chao cha kwanza cha maziwa cha ushirika.

Hali ilikuwa imewabana. Nafaka za bei ya chini kutoka Marekani na Urusi zilijaa masoko ya Ulaya, kulima ngano kukawa hakulipi. Wakageukia siagi ya kuuza Uingereza. Ila siagi ya mfugaji mdogo, aliyoisuka jikoni kwake, leo ilitoka nzuri, kesho mbaya. Bei nzuri waliipata wenye mashamba makubwa. Mashine ya kutenganisha krimu, yale mafuta ya maziwa ya kutengenezea siagi, ilikuwa imeshatoka, lakini mtu mwenye ng'ombe watatu angeinunua na nini?

Wakakopa kwa pamoja, kila mmoja mdhamini wa mwenzake. Wakafunga mkataba: ukitoa ya kunywa nyumbani, maziwa yote yaletwe kiwandani. Yakishatolewa krimu yanarudi kwa mfugaji, analisha nguruwe, na nyama ya nguruwe nayo inapanda meli kwenda Uingereza. Hakuna kilichomwagwa!

Sasa hapa ndipo nilipoguswa. Malipo yalifuata maziwa uliyoleta, lakini kwenye mkutano kila mtu alikuwa na kura moja. Wadenmaki wana maneno mawili yanayokaribiana: hoved ni kichwa cha mtu, høved ni ng'ombe. Wanasema kura ilihesabiwa kwa hoved, siyo kwa høved. Mwenye ng'ombe watatu na mwenye hamsini, mkono mmoja mmoja.

Mama yangu kule Tukuyu alikuwa na ng'ombe wawili. Mnunuzi alikuja na ndoo yake, kipimo chake na bei yake. Akisema leo bei imeshuka, basi imeshuka. Mama aliamka saa kumi usiku kukamua, na katika miaka yote ile sikumbuki hata siku moja aliyoulizwa: mama fulani, wewe unaonaje?

Ngoja niwageuzie kamera. Mnauona mlango ule? Hapo ndipo yalipopokelewa maziwa ya wote, ya mwenye mengi na ya mwenye machache. Mama, kama unaniangalia, huu mlango nimekuonyesha wewe.