Kontena la Baridi Si Friza: Mhadhara kwa Wasafirishaji wa Nyama

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie usafirishaji salama wa nyama iliyogandishwa, nami nitaanza na imani ambayo naiona kuwa chanzo cha hasara nyingi, yaani kwamba kontena la baridi ni friza kubwa yenye magurudumu. Sivyo. Kontena hilo limetengenezwa ili litunze ubaridi ambao nyama imekuja nao kutoka kiwandani. Nyama iliyopakiwa ikiwa na nyuzi 5 chini ya sifuri itachukua siku nyingi kufikia nyuzi 18 chini ya sifuri, ambacho ndicho kiwango kinachotambulika kimataifa, na katika siku hizo itakuwa inayapa joto maboksi yaliyo jirani nayo.

Mwaka 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin ilisafiri kutoka New Zealand hadi London ikiwa na takriban mizoga 5,000, mingi ikiwa ya kondoo, iliyogandishwa kwa mashine inayoendeshwa kwa makaa ya mawe. Walipofika katika ukanda wa joto, nahodha John Whitson aliona kwamba hewa baridi haienei sawasawa katika shehena, ingawa mashine yenyewe ilikuwa ikifanya kazi. Aliingia mwenyewe katika mfereji wa hewa akakata matundu zaidi, akazidiwa na baridi hadi wenzake wakamvuta nje kwa kamba. Shehena ilifika salama, na tangu hapo biashara hii haikurudi nyuma.

Tatizo lake ndilo letu hadi leo. Katika kontena la sasa, hewa baridi hutokea chini, hupita katika mifereji ya sakafu, huizunguka shehena na kurudi kwenye mashine kwa juu. Ukipanga maboksi kupita mstari mwekundu uliochorwa ukutani, umeifungia hewa njia ya kurudi, hata kama kioo cha mashine kinaonyesha namba nzuri. Namba ile ni ya hewa. Ya nyama huipati pale. Kwa hiyo, kabla ya kupakia, chukua maboksi mawili, yabane pamoja, weka kipimajoto katikati yake, na usubiri kisomo kitulie. Zima mashine wakati milango iko wazi, hasa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, kwa sababu hewa yenye unyevu ikivutwa ndani hugeuka barafu kwenye koili, yaani mabomba yanayopoza hewa ndani ya mashine, nayo mashine hupoteza nguvu mapema kabla safari haijaanza.

Naomba tuelewane vizuri kuhusu bakteria. Kugandisha huua baadhi ya vimelea, wakiwamo viluwiluwi wa tegu katika nyama ya ng'ombe iwapo baridi ni kali na muda unatosha, lakini bakteria wengi hubaki hai, wakiwa wamezuiwa tu kuongezeka. Nyama ikiyeyuka wanaendelea pale walipoachia, na kuigandisha upya hakuwapunguzi kwa kiasi cha kuaminika.

Kwa safari fupi za mjini, wengi hutumia barafu kavu, ambayo ina nyuzi 78 hivi chini ya sifuri. Inafaa sana, ila haiyeyuki kuwa maji; hugeuka moja kwa moja kuwa gesi ya kabonidayoksaidi. Sanduku lililozibwa kabisa linaweza kupasuka, na dereva aliyefunga vioo vya gari akiwa na mzigo huo kando yake anaweza kupoteza fahamu bila kunusa chochote. Sanduku liachiwe upenyo, vioo vifunguliwe, na barafu ishikwe kwa glavu nene.

Mzigo ukifika, mpokeaji asitosheke na ugumu wa nyama. Aangalie kama boksi limelegea na kupoteza umbo, kama kuna damu iliyoganda ikiwa imekusanyika kwenye kona ya mfuko, na kama vipande vilivyofungwa kimoja kimoja vimeshikana kuwa donge. Hizo ni dalili kwamba nyama iliyeyuka njiani ikagandishwa tena. Apime joto dereva akiwa bado yupo, aandike kisomo kwenye hati ya kupokelea mzigo pamoja na saa, kisha wote wawili watie sahihi kabla boksi la kwanza halijaingizwa stoo.