Yuki, Mtoto Aliyezaliwa Kulipa Kisasi

Mabibi na mabwana, tuanzie gerezani. Nje theluji inaanguka, ndani mfungwa aitwaye Sayo anajifungua. Mumewe na mwanawe waliuawa na genge la watu wanne. Mmoja amemuua kwa mkono wake, ndicho kilichomfunga maisha. Watatu wangali wanakula na kulala. Basi Sayo akajitoa kwa askari jela, huyu na yule, ashike mimba, azae wa kuimalizia kazi hiyo. Anamwita mtoto Yuki, yaani theluji, kisha anakata roho.

Hiyo ndiyo *Shurayukihime*, manga, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, aliyoitunga Kazuo Koike na kuchorwa na Kazuo Kamimura, ikatoka kwenye jarida la kila wiki mwaka 1972 na 1973. Jina lenyewe lina ufundi. Shirayukihime ni yule binti wa ngano aliye mweupe kama theluji. Koike kabadili irabu moja tu, shira ikawa shura: kwa Wabuddha, ulimwengu wa mapigano yasiyokoma.

Kisa ni cha Japani ya zama za Meiji, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1873 serikali ilianza kuandikisha vijana jeshini kwa lazima, na tangazo lake likaitaja huduma hiyo kuwa kodi ya damu. Wanavijiji wengi waliamini watakamuliwa damu hasa, wakafanya ghasia. Lile genge la watu wanne, matapeli wa Koike, linaneemeka kwa hofu hiyo. Mume wa Sayo, mwalimu mgeni aliyevaa nguo nyeupe, anadhaniwa kuwa mtu wa serikali, akauawa. Kwangu hapa ndipo uzito wa kazi hii ulipo: kisasi cha Yuki kimeota kwenye dhuluma ya nchi nzima.

Filamu ilitoka mwaka 1973, Toshiya Fujita akiongoza, Meiko Kaji akiwa Yuki, upanga wake umefichwa ndani ya mwavuli. Anasema kidogo sana. Macho yake yanatosha.

Miaka 30 baadaye mwongozaji Mmarekani Quentin Tarantino akatoa *Kill Bill*, filamu nyingine ya mwanamke anayelipa kisasi. Tunayoyataja kila mara ni bustani yenye theluji, kimono nyeupe ya O-Ren, mmoja wa maadui wa mwanamke huyo, hadithi kugawanywa kwa sura, na wimbo wa Kaji mwenyewe unaosikika O-Ren akifa. Ni kweli yote. Lakini urithi mkubwa zaidi nauona jikoni, pale Vernita, adui mwingine, anapouawa huku binti yake mdogo amesimama anatazama. Muuaji anamwambia mtoto kwamba akikua na uchungu ukiwa haujaisha, atamngoja.

Mtoto huyo tulishamwona Japani. Yuki anamuua Banzo, mmoja wa genge lile, sasa mlevi aliyechakaa, bila kujali kwamba ana binti, Kobue, anayemtunza. Mwishoni, Yuki amekwisha kuwamaliza wote, anapepesuka thelujini akivuja damu, na Kobue anamjia na kisu.

Tafadhali zimeni taa. Tukitazame kipande hicho, kisha nitapokea maswali.