Kona Nne za Mraba: Mhadhara wa Kufuma Kipande cha Blanketi kwa Kroshia

Mwangaluka, mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana wa kiume mliokaa huku nyuma. Sogeeni mbele, viti vipo. Kazi hii inataka macho yaone mkono.

Leo tutazungumzia kipande kimoja tu cha mraba. Blanketi tutalifikia mwishoni, na halitatuchukua muda mrefu, kwa sababu lawama nyingi zinazolipata blanketi siku ya kuunganisha huwa zimeanza kwenye kipande cha kwanza. Wengi wenu mikono yenu ni hodari. Vitambaa vya makochi na vya meza vilivyoko sebuleni hapa Mwanza, Nyakato, Igoma na Kirumba mmevifuma wenyewe. Ila kitambaa cha meza hukaa peke yake. Kikipungua sentimita moja, hakuna atakayejua. Kipande cha blanketi kimezungukwa na wenzake pande zote, kwa hiyo sentimita moja ikipungua lazima kivutwe, kikivutwa kinamvuta jirani, na blanketi zima linajikunja katikati.

Mtindo tutakaoufuma umeenea dunia nzima. Ulichapishwa Marekani mwaka 1885 katika jarida la wakulima, na ulipendwa kwa sababu ulitumia mabaki ya nyuzi. Faida hiyo bado ipo, nami nitawaonyesha kwa hesabu.

Kwanza ukubwa. Fumeni kipande cha nusu futi, yaani sentimita 15 na kidogo. Vitanda vyetu vinauzwa kwa futi, hivyo hesabu inakuwa nyepesi: vipande viwili ni futi moja. Kitanda cha nne kwa sita kinataka vipande 8 kwa 12, jumla 96, kufunika juu tu. Cha tano kwa sita ni 10 kwa 12, jumla 120. Ukitaka blanketi lining'inie futi moja kushoto, kulia na miguuni, hicho cha tano kwa sita kinapanda hadi 14 kwa 14, vipande 196. Anayeanza aanze na la mtoto, 6 kwa 6, vipande 36, futi tatu kila upande. Ila la mtoto mchanga matundu yawe madogo, maana vidole vyake hunasa humo. Nitaeleza namna ya kuyabana.

Uzi. Uzi wa sweta wa akriliki ndio unaopatikana kirahisi. Ni mwepesi, unafuliwa na kukauka haraka. Uzi wa pamba unafaa joto letu la ziwani, lakini ni mzito, na blanketi kubwa la pamba likilowa huvutika kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo pamba ifumwe kwa mkono unaobana kidogo. Msichanganye pamba na akriliki ndani ya kipande kimoja, kwa sababu haviitikii maji na joto kwa namna moja. Na rangi kuu ya blanketi nunueni yote siku moja. Karatasi ya kwenye uzi ina namba ya mkupuo wa rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja. Nyekundu ya mkupuo huu na nyekundu ya mkupuo mwingine hazifanani, na tofauti hiyo hujitokeza mchana mkiwa mmeshaunganisha. Rangi zichagulieni juani pia. Usiku, chini ya taa, bluu iliyoiva na nyeusi hazitofautiani.

Kuna njia ya gharama ndogo ambayo naipenda sana: masweta ya mitumba pale soko la Mlango Mmoja. Lakini kabla hujatoa hela, ligeuze sweta ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa na mkasi kisha kikapigwa overloki, liache. Ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi, kila mstari na wake. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa uzi mmoja wa kushonea, hilo ni lako. Kata uzi wa kushonea, tenganisha sehemu, uanze kufumua juu, shingoni na mabegani, kwa kuwa masweta mengi hufumwa kuanzia chini na uzi huachia ukitokea juu. Ukianzia chini utakwama kila hatua. Zungushia uzi mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyikane, ufue kwa maji ya uvuguvugu, kisha uuning'inize na chupa ndogo ya maji chini yake ili mikunjo ipungue. Sweta la sufu lililogandamana kwa kufuliwa maji ya moto msijisumbue nalo. Halifumuki.

Sindano ya kroshia kwa uzi wa unene wa kati ni ya milimita 4. Ninyi mliozoea vitambaa vya uzi mwembamba na sindano ya chuma ya milimita 1 au 2, mikono yenu inabana sana. Pandeni hadi 4.5 au 5, la sivyo blanketi litakuwa gumu kama mkeka. Tazameni sindano yenyewe: mbele kuna ndoano, nyuma yake shingo nyembamba, kisha mwili. Kitanzi kipimwe kwenye mwili. Mwanafunzi hukiacha shingoni kwa sababu ndipo kinapoteleza vizuri, halafu anashangaa kwa nini sindano haipiti raundi inayofuata.

Sasa mishono. Tunahitaji mitatu tu. Cheni mnaijua: vuta uzi upite ndani ya kitanzi kilichoko kwenye sindano. Mshono wa kufungia: ingiza sindano, vuta uzi, upitishe moja kwa moja kwenye kitanzi kilichoko. Wa tatu ni huu ninaouita nguzo. Zungusha uzi kwenye sindano mara moja, ingiza kwenye tundu, vuta kitanzi. Sasa vipo vitatu. Vuta uzi upite viwili, vinabaki viwili. Vuta tena upite vyote viwili, kinabaki kimoja. Angalieni hapa mkono wangu unapovuta kile kitanzi cha kwanza kutoka kwenye tundu. Urefu ninaokipandisha ndio unaoamua urefu wa nguzo nzima. Unene wa sindano unaamua upana. Ndiyo maana watu wawili wenye sindano moja na uzi mmoja hupata vipande viwili tofauti, na ndiyo maana kubadili sindano peke yake hakuwasawazishi. Kaeni pamoja, mtazamane namna kila mmoja anavyopandisha kitanzi hicho.

Mkisoma maelekezo ya kigeni, chungeni kitu kimoja. Nguzo hii Wamarekani huiita dabo, Waingereza huiita trebo. Kabla ya kufuata maelekezo, jueni yametoka wapi.

Raundi ya kwanza: cheni 4, ziunganishe ziwe duara. Panda cheni 3. Hizo zinahesabiwa kuwa nguzo ya kwanza. Ongeza nguzo 2 ndani ya duara, sasa una fungu moja la nguzo tatu. Cheni 2, hiyo ni kona. Nguzo 3, cheni 2. Nguzo 3, cheni 2. Nguzo 3, cheni 2, ufungie kwenye cheni ya tatu ya zile ulizopandia. Mafungu manne, kona nne.

Raundi ya pili: geuza kazi, ukiona mgongo wake, uteleze kwa mshono wa kufungia hadi ndani ya tundu la kona lililo karibu. Panda cheni 3, nguzo 2, cheni 1. Kwenye kona inayofuata weka nguzo 3, cheni 2, nguzo 3, humo humo katika tundu moja, kisha cheni 1. Fanya hivyo kona mbili zilizobaki. Ukirudi kwenye kona ulikoanzia, weka nguzo 3, cheni 2, ufunge. Raundi ya tatu ni vilevile, ila kwenye kila tundu la upande unaweka fungu moja la nguzo 3. Basi. Mpaka raundi ya sita hakuna jipya. Kwa uzi wa kati na sindano ya 4, raundi sita hufika karibu nusu futi; kwa uzi mnene na sindano ya 6, raundi nne au tano zinatosha. La mtoto mchanga, ondoeni ile cheni 1 ya kati ya mafungu. Kona iacheni na 2 zake.

Kwa nini nimewaambia mgeuze kazi kila raundi? Kwa sababu nguzo hailali wima kabisa juu ya ile ya chini yake. Inaegemea upande kidogo. Ukizunguka mwelekeo mmoja raundi sita, kuegemea kunajumlika na mraba unapinda. Ukigeuza, raundi hii inarekebisha ile.

Kuhesabu ni rahisi mno, na asiyehesabu anajitafutia kufumua. Raundi ya ngapi, ndiyo idadi ya mafungu kila upande, kutoka kona hadi kona. Raundi ya nne, manne. Raundi ya sita, sita. Upande mmoja ukiwa na matano na mwingine sita, umeruka tundu.

Kipande pia kinasema chenyewe kinachokiuma. Kikiinuka kingo kama bakuli, cheni za kona ni chache au zimebanwa. Kikipiga mawimbi, cheni ni nyingi, au umeweka fungu mahali pasipo lake. Kona zikiwa mviringo, umesahau ile cheni 2 katikati ya mafungu mawili ya kona. Pakiwa na pengo kila unapoanzia raundi, cheni 3 zako ni ndefu kuliko nguzo zako, panda 2. Katikati pakifunguka baada ya kufua, mkia wa uzi ulikatwa mfupi. Uachwe sentimita 15, upitishwe ndani ya nguzo kwenda, kurudi, na kwenda tena. Msitegemee fundo. Fundo linachoma mgongo wa anayelala, nalo hufunguka siku moja.

Rangi. Mnajua kanga ina mji katikati na pindo pembeni. Kipande hiki nacho kipangeni hivyo, katikati rangi zicheze, raundi ya mwisho iwe rangi moja kwa vipande vyote. Hesabu niliyoahidi ni hii: nguzo kwa raundi ni 12, 24, 36, 48, 60, 72, jumla 252. Raundi tatu za kwanza zikijumlishwa ni 72, sawa na raundi ya sita peke yake. Maana yake mabaki madogo yanatosha raundi tatu za ndani, ila rangi ya pindo usiianze huna uhakika nayo. Fumeni vipande kumi, mvipime kwenye mizani ya jikoni, mzidishe, kisha mwongeze moja ya tano kwa kuunganishia na kingo za nje. Mkibadili rangi, anzieni kona tofauti kila raundi ili mikia isirundikane pamoja. Nyekundu na bluu iliyoiva zijaribuni: lowesha kipande cha uzi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kilaze ndani ya kitambaa cheupe chini ya kitu kizito usiku kucha. Kitambaa kikiwa na rangi asubuhi, uzi huo usikae karibu na nyeupe.

Kabla ya kuunganisha, nyosheni. Chukueni ubao, mchore mraba wa nusu futi, mpige misumari isiyoshika kutu kwenye kona nne. Kutu haitoki kwenye uzi mweupe. Lowesha kipande, kikamue ndani ya taulo bila kukisokota, ukivalishe misumari, ukiache kikauke kabisa kivulini. Pamba inakubali pasi. Akriliki pasi isiiguse, inalegea na kung'aa na hairudi tena. Kipande kinachohitaji kuvutwa zaidi ya sentimita moja kufika kwenye msumari kisinyoshwe, kifumuliwe.

Kuunganisha: weka vipande viwili uso kwa uso, kona kwa kona. Raundi ya sita ina nguzo 18 na cheni 5 kila upande, vishono 23, navyo vinakwenda moja kwa moja na vya jirani. Shona kwa sindano yenye tundu kubwa na ncha butu. Shazia inapasua uzi. Shika nyuzi za nje tu za kila kishono na mshono utalala. Unganisheni mistari mirefu yote ya upande mmoja, ndipo mrudi na ya upande wa pili, na kila panapokutana kona nne pitisheni uzi mara mbili.

Kuna mama amenyoosha mkono. Anauliza, ukigundua kosa la raundi ya pili na uko ya sita, ufanyeje? Mama, fumua. Najua inauma. Lakini raundi nne ni dakika chache za mkono uliozoea, na uzi wa akriliki au wa pamba unafumuka bila kuharibika. Uzi wenye manyoya ndio usiofumuka, hunasana wenyewe, na kwa sababu hiyo usiutumie kujifunzia. Ukifumua, uzungushe kwanza kwenye kidonge, usiufume ungali na mikunjo, maana kitanzi chake kitatoka kifupi na kipande kitapungua.